Bustani za Uha: Maua ya Kabla ya Mvua na Mbegu za Jirani

Neno bustani tumelipokea kutoka Kiajemi kwa njia ya Kiarabu, na maana yake ya asili ni mahali penye harufu nzuri. Ndiyo maana bustani itajwapo, fikra za msomaji hukimbilia Unguja kwenye miasumini na miwaridi, au hukimbilia viwanja vya maboma ya kikoloni vilivyozungushiwa ua uliokatwa sawasawa. Ni nadra fikra hizo kupanda treni ya Reli ya Kati mpaka Kigoma, zikaliacha ziwa nyuma na kukwea kuelekea Kasulu na Kibondo. Waandishi wa historia nao, walipoiandika Uha, waliandika zaidi habari za Mwami na ng'ombe wake, chumvi ya Uvinza na njia za misafara. Kiunga cha migomba nyuma ya nyumba, chenye maharage chini yake na mboga pembeni, hakikuhesabiwa kuwa historia. Hata mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, jambo lililowajia wengi vichwani lilikuwa ngoma. Ngoma ni utamaduni, hakuna abishaye. Lakini mcheza ngoma hula, na namna alivyokipata chakula chake, kutoka kwa nani na kwa masharti gani, ni utamaduni vilevile.

Nyanda za juu za Uha zinapakana na Burundi, na sehemu kubwa ya nchi iko kati ya mita 1,200 na 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2012 wilaya ya Buhigwe ilitengwa na Kasulu, na Kakonko ikatengwa na Kibondo. Katika makala haya majina ya Kasulu na Kibondo yanachukua eneo lote la zamani. Mvua huko ina msimu mmoja mrefu, unaoanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au Mei, ukikatwa na kipindi kifupi cha jua katikati. Baada ya hapo ni kiangazi, na majani hukauka hata mabonde yakabaki peke yake kuwa ya kijani.

Walimu wa jiografia huwaeleza wanafunzi kwamba nchi za Ulaya zina majira ya machipuko yafuatayo baridi kali, na kwamba sisi hatuna. Maelezo hayo ni kweli kwa upande wa baridi tu. Atakayetembea katika misitu ya miombo ya Kibondo mwezi wa Septemba, wakati ardhi imeungua na haijaanguka hata tone moja la mvua, ataona miti imevaa majani mapya yenye rangi nyekundu, ya shaba na ya divai, kana kwamba msitu mzima umewaka bila moshi. Miti hiyo ya jamaa ya mitundu na miyombo haingoji mvua. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji, na chakula ilichokiweka akiba katika shina ndicho kinachosukuma machipukizi na maua. Kwa hiyo mtu ambaye hakuambiwa angedhani kwamba mvua imekwisha kunyesha. Hayo ndiyo machipuko yetu, nayo hutangulia maji badala ya kuyafuata.

Katika wakati huohuo huchanua mti ambao baadhi ya Waswahili huuita mwambangoma, na wataalamu huuita Erythrina abyssinica. Mti huo hupukutisha majani yake kwanza, kisha hutoa mafungu ya maua mekundu juu ya matawi matupu, ukaonekana kutoka kilima cha pili. Katika dini ya jadi ya nchi za Maziwa Makuu mti huu ulihusishwa na Kiranga, ambaye katika Rwanda hujulikana kwa jina la Ryangombe, na haukukatwa ovyo. Ndege aitwaye chozi huuzingira toka asubuhi kwa ajili ya asali ya maua yake. Siku chache baada ya manyunyu ya kwanza ni zamu ya mibuni, ambayo huchanua maua meupe kwa pamoja, shamba zima likanukia kwa siku mbili tatu, kisha likanyamaza. Baadaye kumbikumbi hutoka vichuguuni, watoto wakawakimbilia kwa vyungu; na uyoga hufuata, mwingine ukiota juu ya vichuguu na mwingine chini ya miombo, ambako nyuzi zake huungana na mizizi ya miti na kubadilishana nayo chakula.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kalenda. Mkulima asiyekuwa na almanaka alikuwa na msitu. Majani mekundu yalimwambia akate magugu na kuchoma. Kumbikumbi walimwambia kwamba maji yamefika chini vya kutosha. Mfuga nyuki aliisoma kalenda hiyo kwa makini kuliko wote. Nyuki wa miombo hupata shibe mara mbili: mwishoni mwa kiangazi kutokana na mitundu na jamaa zake, na mwishoni mwa mvua kutokana na miti mingine ya jamii hiyo ambayo wataalamu huiita Julbernardia. Mizinga ya magogo na ya magome ilitundikwa mapema ili kundi likihama likute nyumba tayari. Mzinga wa gome una dosari yake, kwa maana mti uliovuliwa gome lake lote kuuzunguka hufa, na mti uliokufa hautoi maua ya kulisha nyuki wa mwakani. Mzinga wa gogo una kazi ngumu zaidi kuuchonga, lakini hudumu miaka mingi.

Sasa tuingie katika kiunga chenyewe. Kabla ya Wazungu, Uha iligawanyika katika falme kadhaa, miongoni mwake Heru katika Kasulu ya leo, Muhambwe katika Kibondo, na Buyungu upande wa Kakonko. Kila moja ilikuwa na Mwami wake aliyetokana na ukoo wa Watusi. Lakini chini ya utawala huo, na kwa maoni ya watu wengi kabla yake, palikuwa na wazee walioitwa bateko, mmoja akiwa mteko. Hawa ndio waliohusika na ardhi yenyewe. Mgeni aliyetaka kujenga alikwenda kwa mteko, na mteko ndiye aliyemwonyesha mahali, kwa sababu yeye alijua mizimu ya mahali hapo na namna ya kuituliza. Radi ikipiga, nzige wakija, mazao yakinyauka, watu walimwendea yeye. Msomi Michele Wagner, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1996, ameonyesha jinsi ambavyo kwa Waha wa karne ya 19 historia ya jamii na historia ya mazingira yake vilikuwa kitu kimoja, na jinsi ambavyo bateko walikaa katikati ya vitu hivyo viwili. Ng'ombe walikuwa wa Mwami. Udongo ulikuwa na mwenyewe mwingine.

Tofauti hiyo inaonekana wazi tukilinganisha zawadi ya ng'ombe na zawadi ya mche. Katika Uha, kama katika Burundi, palikuwa na mkataba wa ng'ombe ulioitwa ubugabire. Mtu aliyepewa ng'ombe aliingia chini ya aliyempa. Alipaswa kumtumikia, kumpelekea pombe na kumheshimu, na uhusiano huo ungeweza kurithiwa. Mche wa mgomba haukuwa na uzito huo. Na hapa hatuna budi kukumbuka jambo moja la kimaumbile ambalo wanafunzi hulipita haraka: mgomba wa kulimwa hauna mbegu. Ndizi tunazokula ni tasa. Hakuna mtu awezaye kuokota mbegu ya mgomba njiani akaipanda kwa siri. Kila mgomba uliopo Kasulu ulitoka ubavuni mwa mgomba mwingine, ukakatwa na mtu na kukabidhiwa mtu. Asili ya mmea huu ni Asia, na kutoka huko hadi vilima vya Heru njia yote, katika karne nyingi, ni mkono kwa mkono. Kwa hiyo kila kiunga cha migomba ni orodha ya majirani, ijapokuwa haikuandikwa. Bibi mwenye shamba huweza kusema shina hili lilitoka kwa shangazi, lile kwa jirani aliyehama, lile jingine lilikuja na mke wa mwanangu kutoka kwao. Chipukizi likishapandwa halidaiwi. Likizaa, aliyelitoa huweza kuletewa ndizi au pombe, lakini hapelekewi utumwa.

Viazi vitamu vina habari kama hiyo, na pengine ni nzito zaidi. Kiazi hupandwa kwa marando, na marando hayawezi kuwekwa ghalani. Kiangazi kikikaza, marando ya vilimani hufa yote. Yeye aliye na kipande cha bonde lenye unyevu huyahifadhi huko, akiyamwagilia na kuyalinda na mifugo kwa miezi mitatu au minne. Mvua ikianguka kijiji kizima humtazama yeye. Anaweza kufanya nini? Akiwanyima, mwaka mwingine maji yakilivunja bonde lake hatakuwa na pa kwenda. Akiwapa, shamba lake halipungui, maana rando likikatwa huchipua tena. Ndiyo sababu katika vijiji vingi haikuwa desturi kuyauza marando. Nionavyo mimi, wachumi wanaotafuta mifano ya ujamaa wa asili wangekaa siku moja bondeni mwezi wa Novemba wangeona zaidi ya walichokisoma.

Maharage ni jambo la wanawake. Mmea huu ulitoka Amerika, ukaingia Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, na katika nchi za Maziwa Makuu ukapata makao mapya kana kwamba ulizaliwa hapo. Watu wa huko hawapandi aina moja. Hupanda mchanganyiko: mekundu, meupe, ya njano, yenye madoa, mengine ya kutambaa na mengine mafupi, kila moja likiwa na tabia yake juu ya mvua nyingi, mvua haba au udongo uliochoka. Mwaka ukiwa mbaya kwa moja, huwa mzuri kwa jingine. Mchanganyiko huo huundwa na mama wa nyumba kwa miaka mingi, kwa kuokota, kuomba, kubadilishana na kutupa. Wataalamu waliodhani kwamba kazi hiyo ni ya kubahatisha walipata funzo katika Rwanda. Kuanzia mwaka 1988, watafiti wa huko waliwaalika wanawake mabingwa wa maharage waingie katika mashamba ya utafiti na kujichagulia aina walizoziona zinafaa; na aina walizozichagua zilifanya vizuri majumbani mwao kuliko zile zilizopendekezwa na wataalamu wenyewe. Rwanda si Uha, lakini bibi wa Kasulu akisikia habari hiyo hatashangaa hata kidogo.

Wageni wa kwanza hawakuyaona haya. Henry Morton Stanley alipita Uha Novemba 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, na katika kitabu chake cha mwaka 1872 Uha ni nchi ya hongo tu: analipa hapa, anadaiwa pale, mwishowe anatoroka usiku kwa njia za porini ili asilipe tena. Mtu anayepita usiku haoni bustani. Hata hivyo soko la Ujiji, lililoshibisha misafara, lilipata sehemu ya nafaka na mifugo yake kutoka kwenye vilima hivyohivyo alivyovikimbia.

Mambo yaliyofuata yaliitikisa Uha kwa namna ambayo kitabu cha hongo hakiwezi kueleza. Sotoka iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na iliyoizunguka. Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1977 jinsi ambavyo maradhi, vita na ukoloni viliwapokonya wananchi uwezo wao wa kulitawala pori, hata pori likarudi na kuwatawala wao. Katika Kibondo na Kasulu pori lilirudi likiwa na mbung'o, na mbung'o walikuja na malale. Katika miaka ya 1930 Serikali ya Kiingereza, ikifuata utaratibu ulioandaliwa na madaktari wa malale kama G. Maclean, iliwakusanya watu kwa maelfu kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika na kuwaweka pamoja katika maeneo yaliyofyekwa. Kwa upande wa tiba hoja ilikuwa na nguvu: mahali palipofyekwa na kulimwa na watu wengi mbung'o hakai. Kwa upande wa bustani ilikuwa kama moto. Familia iliyoondoka ilibeba kilichobebeka. Maharage yalibebeka, marando yalibebeka kama kuhama kuliangukia wakati wa mvua, na machipukizi machache ya migomba yalibebeka kichwani. Kiunga chenyewe kilibaki. Mpaka leo mtu apitaye katika pori la Kibondo huweza kukuta mwembe mmoja au mti mkubwa wa jamii ya mikuyu umesimama mahali pasipo na nyumba, akajua kuwa hapa ni hame. Ndege na ngedere walirithi matunda ambayo hawakuyapanda.

Ndipo wanaume nao wakaondolewa. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalihitaji mikono, na Uha, iliyokuwa na kodi ya kulipa na isiyokuwa na zao kubwa la kuuza, ikawa ghala la manamba. Wenye mashamba ya mkonge walianzisha mwaka 1944 shirika lao la kuandikisha wafanyakazi, SILABU, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa sehemu zilizotoa watu wengi. Mwanamume aliondoka kwa miezi mingi, pengine kwa miaka. Aliyebaki kuchagua mbegu, kutunza bonde na kujua nani wa kuombwa nini alikuwa mwanamke. Kwa hiyo tusemapo kwamba elimu ya bustani katika Uha iko mikononi mwa wanawake hatusemi habari ya tabia ya kuzaliwa. Tunasema habari ya mkonge pia. Wala si ajabu kwamba katika miaka ya mwisho ya Waingereza Heru yenyewe ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, mpaka Serikali ya Tanganyika huru ilipoufuta utawala wa machifu mwaka 1963.

Juu ya maua ya mapambo sitasema mengi. Maboma na misheni zilileta mijakaranda kutoka Amerika ya Kusini, mikrismasi yenye maua mekundu kutoka Bukini, na miti ya grevilea kutoka Australia. Mijakaranda huchanua wakati uleule wa majani mekundu ya miombo, ikasababisha wengi waipe sifa peke yake. Ua jingine lililopandwa kwa uzuri wake ni lantana, lenye rangi mbili tatu katika kichala kimoja. Hilo lilitoroka bustanini na kuingia malishoni, na sasa ni adui anayeng'olewa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, kila shule ilitakiwa iwe na shamba lake. Katika shule nyingi shamba hilo lilikuwa la mahindi kwa mistari, na wanafunzi walipelekwa huko hata kama adhabu. Ingefaa zaidi kama mwanafunzi angeombwa alete kutoka nyumbani kwao aina moja ya maharage pamoja na jina lake na habari ya aliyeitoa.

Mwaka 1972 kuhama kulirudi, safari hii kwa jina la Operesheni Kigoma. Nia ilikuwa kuwaweka wananchi karibu na shule, zahanati na maji, nao wengi walivipata. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Lakini kiunga cha migomba hakikai katika mstari. Kinataka majivu ya jiko, maganda, samadi na maji machafu ya nyumba, na ndiyo maana tangu zamani nyumba ilikaa katikati yake. Mwenye nyumba alipohamishwa kilomita kadhaa, migomba ya nyuma ilianza kunyong'onyea. Miaka miwili baadaye wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona ulitolewa nchini kote, na katika vijiji vipya vya Kasulu na Kibondo jambo la kwanza lililokuwa la kufa na kupona lilikuwa kupata mche. Hapo orodha ya majirani ikafanya kazi. Watu walirudi katika mahame yao, wakachimba machipukizi, wakayagawa hata kwa majirani wapya ambao mwaka uliopita hawakufahamiana.

Mwaka huohuo wa 1972 Warundi walianza kukimbilia kwetu kwa wingi. Wengi walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo, lakini wengine walibaki katika vijiji vya Waha, ambao lugha yao na Kirundi ni ndugu. Wimbi jingine lilikuja mwaka 1993. Kambi ya Nyarugusu katika Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Na mwaka 2015 Warundi walikuja tena, Nduta katika Kibondo ikafunguliwa upya. Kuni zilikatwa, misitu ya karibu ikapungua, na magomvi yakatokea; hayo si ya kufichwa. Lakini ukipita kandokando ya vibanda vya kambi utaona mchicha, mnavu, mgagani na maboga katika vipande vya ardhi visivyozidi mkeka. Mtu aliyeacha nyumba usiku huweza kuwa na mbegu katika ncha ya khanga. Zikimwishia, ataziomba, na jina analoliombea huwa ni lile au karibu na lile analolijua Muha.

Bustani haina watu peke yao. Chozi niliyemtaja hushuka kutoka katika mwambangoma akaingia katika ua la mgomba. Mnana huchana majani ya migomba kuwa nyuzi na kusukia kiota chake. Kinyonga, ambaye watu wengi humwogopa na hata kumpiga mawe, hula wadudu kutwa nzima bila kugusa jani. Boga halizai bila nyuki, kwa sababu ua lake la kiume na la kike ni mbali mbali. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hilo kwa kulifunika ua la kike kwa kitambaa tangu kabla halijafunguka. Nyani na nguruwe ni hadithi nyingine, na kijana aliyelala dunguni usiku kuwafukuza hataki kusikia sifa zao. Porini yuko ndege mdogo anayewaongoza watu mpaka kwenye nyuki, akingoja alipwe kwa nta na majana. Padri Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba aliwakuta ndege wa namna hiyo wakidonoa mishumaa ya kanisani. Mabonde ya Malagarasi na Moyowosi, yaliyo mashariki na kusini mwa vilima hivi, yaliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, yakiwa ya kwanza nchini. Maji yake mengi huanzia katika mabonde yaleyale ya marando.

Sasa kuna jaribio jipya, nalo linaipiga desturi hii mahali pake penye thamani kuu. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulielezwa kwanza na wataalamu katika Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, ukathibitishwa Tanzania katika mkoa wa Kagera mwaka 2006, na baadaye ukaingia Kigoma. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani zikawa na rangi ya kutu, na shina likikatwa hutoa usaha wa njano. Dawa hakuna. Vimelea husafiri kwa njia tatu: kwa kisu au panga lililokata mgomba mgonjwa, kwa mche uliotolewa katika shina gonjwa, na kwa wadudu, wakiwemo nyuki, wanaofuata asali katika ua la kiume linaloning'inia mwishoni mwa mkungu. Basi vitu vyote tulivyovisifu, yaani ukarimu wa jirani, ua na mdudu wake, vimekuwa njia za maradhi. Wako maofisa wa kilimo walioshauri kwamba mtu asipokee tena mche wa jirani, bali angoje miche safi kutoka vituo vya utafiti. Ushauri huo ni sahihi katika kitabu. Katika kijiji ambacho miche ya kituo haijafika, una maana ya kwamba maskini asipande.

Wanakijiji wengine wameshika njia ya katikati. Chane la mwisho likishatoka, ua la kiume huvunjwa kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, ili nyuki asipate la kumwita katika mgomba huo; na mkungu nao hunenepa zaidi. Panga hupitishwa motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Mche hutolewa bado, lakini mpokeaji huenda mwenyewe kuliona shina mama, akalitazama jani, akaitazama ndizi, na kikonyo kikikatwa wote wawili huinama kuangalia kama kunatoka maji meupe au usaha wa njano. Palipoonekana usaha, shina zima hung'olewa na kuzikwa, na mahali pale hapapandwi mgomba kwa muda wa miezi sita au zaidi. Miezi hiyo ardhi huwekwa maharage au viazi, na marando hushuka kuchukuliwa bondeni, kwa yule aliyeyamwagilia kiangazi chote.